Anti, mwanangu akiona mchicha analia kabla hata hajauonja

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Tabata, wa kwanza wa kiume ana miaka 6 yuko darasa la kwanza na mdogo wake wa kike ana miaka 3. Nafanya kazi mjini, natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri narudi saa 1 jioni hapo foleni ikiwa nzuri, kwahiyo mchana wanashinda na dada wa kazi pamoja na bibi yao mzaa baba ambaye yuko na sisi tangu mwaka jana.

Shida yangu ni mboga za majani. Junior hali. Yaani hali kabisa Anti, mchicha hali, matembele hali, kisamvu hali, kabichi anachagua vipande vya nyanya anaacha kabichi yote. Yeye ni wali maharage, chipsi, chapati, nyama, samaki, basi. Nimebembeleza, nimeahidi soda, nimegomba, nimechapa pia sitaficha.

Jumapili iliyopita nikasema leo lazima. Nimepika mchicha wa nazi kwa mkono wangu mwenyewe, ugali na samaki wa kukaanga. Akala samaki, akala ugali mkavu, mchicha akausogeza pembeni ya sahani kwa kidole. Nikamwambia hutoki hapo mpaka umalize. Akakaa. Tumemaliza kula, vyombo vimetolewa, taarifa ya habari ya saa 2 imeanza mpaka imeisha yeye yupo tu na sahani yake, mchicha umepoa mpaka tui limeganda juu. Mwisho nikamshika nikamlisha kwa nguvu, tonge la pili likamkaba, akatapika vyote pale pale mezani, halafu akaingiza vidole mdomoni akavuta uzi mrefu wa mchicha ukatoka kooni huku machozi yanamtiririka ananiangalia. Anti usiku ule sikulala.

Na saivi mdogo wake ambaye alikuwa anakula kila kitu naye anamuangalia kaka yake anasema sitaki majani. Baba yao ndo hasaidii, akiwekewa mboga anasema mimi sio mbuzi, watoto wanacheka. Bibi yao anawapa biskuti na juisi ya boksi saa 10 kila siku na mimi kumwambia mama mkwe naona vigumu.

Ninachoogopa ni kwamba Junior anapata choo kigumu sana, anakaa chooni analia. Tulimpeleka hospitali wakampima wakasema hana tatizo lingine, aongezewe mboga, matunda na maji. Sasa nimuongezee vipi mtu asiyekula? Na kilichoniuma zaidi mama jirani kaniambia Junior akienda kucheza kwake mchana anakula bamia na watoto wake kwenye sinia, anakula vizuri tu! Nikajiuliza ni mapishi yangu mabaya au mtoto ananifanyia ukaidi makusudi?

Kuna mtu kaniambia nisage mboga nimfichie kwenye chakula asijue, nifanye hivyo? Na kama una mapishi ya watoto naomba Anti, ila ya kina sisi, brokoli za supamaketi siziwezi.

Mama Junior, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikaenda kuendelea na kazi zangu, nikarudi nikaisoma tena, na mara zote mbili macho yamegota pale pale, kwenye ule uzi wa mchicha aliouvuta Junior kooni. Nakuomba na wewe urudi hapo.

Mchicha ukishakomaa kidogo bua lake lina nyuzi. Ukiukata mrefu mrefu nyuzi zinabaki ndefu, na ukiuchemsha muda mrefu kwenye tui jani linalainika linakuwa la kuteleza lakini uzi uko vile vile. Mtu mzima anatafuna anameza hana habari. Mtoto wa miaka 6, umri ambao meno ya mbele ndo yanaanza kung'oka, hawezi kuukata, nusu inateremka nusu inabaki juu ya ulimi inamkwaruza koromeo. Kwahiyo wewe umeona ukaidi, kumbe mwenzio anaogopa kukabwa, na Jumapili akakabwa kweli.

Ushahidi umenipa mwenyewe. Bamia! Mtoto anayechukia mboga hawezi kula bamia mwanangu, wako watu wazima wangapi zinawashinda kwa ile mirenda yake. Junior anazila kwa jirani kwasababu bamia changa hazina cha kutafuna sana, zinateremka zenyewe, halafu wako watoto wanne watano kwenye sinia moja kila mmoja anawahi tonge lake, na pale hakuna mtu anayemkodolea macho mdomoni. Usione vibaya kwa huyo jirani, tena mshukuru, na Jumamosi moja nenda kamuulize anazipikaje uzipike hivyo hivyo kwako. Umeshapata mboga ya kwanza hiyo.

Sasa vita ya mezani naomba iishe leo. Najua umechoka, unarudi na foleni umesimama kwenye daladala, unapika kwa upendo halafu mtoto anasogeza kwa kidole, inauma. Lakini chakula kilichomtapisha mtu mwili unakikumbuka, hata wewe kuna kitu uliwahi kukitapika utotoni mpaka leo ukisikia harufu yake unageuza uso. Kwahiyo ule mchicha wa nazi wa ugali upumzishe kama mwezi hivi, msiuzungumzie kabisa. Wewe kazi yako ni kupika na kuweka mezani kwa wakati, yeye ale kiasi gani muachie yeye. Weka mboga kidogo, kijiko kimoja tu, pembeni ya kile anachokipenda, asipokula toa sahani bila maneno, kesho kutwa weka tena imepikwa kivingine. Mtoto anaweza kukataa kitu mara 10 hata 15 ndipo siku moja akakionja mwenyewe, na sisi wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu tunatangaza kwa wageni kabisa "huyu hapendi karoti", na yeye anasikia, basi anakuwa ndo mtoto asiyependa karoti. Tena kuanzia miaka 2 mpaka kama 6 hivi ndo umri wao wa kuogopa chakula wasichokizoea, na uchungu wa majani wao wanausikia mkali kuliko sisi, kwahiyo hata huyo mdogo usimuone kaharibika, yuko kwenye umri wake.

Na soda ya kuhonga acha. Ukimwambia mtoto kula hiki nikupe kile, umeshamwambia hiki ni kibaya.

Haya twende jikoni, mana hapo ndo napapenda. Ukisema mapishi ya kina sisi mimi nafurahi, kwasababu genge la mtaani kwako lina kila kitu. Boga, karoti, hoho, majani ya maboga, nyanya chungu, bilinganya, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, brokoli ya nini?

Anza na chapati za boga, kwasababu umesema chapati anapenda. Nunua kipande cha boga lililoiva vizuri, lile ambalo nyama yake imekolea rangi, limenye ulikate vipande uvipike kwa maji kidogo sana ya kufunika tu chini ya sufuria, funika, moto mdogo, mpaka liive na maji yakauke. Usilichemshe kwenye maji mengi utapata uji. Liponde na mwiko likiwa la moto liache lipoe. Sasa unga wa ngano nusu kilo, chumvi, mafuta vijiko viwili, boga lako kikombe kimoja kilichojaa, anza kukanda kabla hujaweka tone la maji, mana boga lenyewe lina maji, utashangaa unga unashikana, ndipo uongeze maji kidogo kidogo kama bado mkavu. Funika uache nusu saa, kata madonge, sukuma, kunja, sukuma tena, choma kama kawaida. Zinatoka za njano kama dhahabu na laini mpaka kesho yake, hazikakamai. Junior akiuliza mbona njano mwambie ni boga. Mwambie kweli. Ladha ya boga kwenye chapati haimsumbui mtoto, ina kautamu fulani hivi.

La pili ni bhajia za mboga, na hizi ndo zitakurudisha kwenye mchicha bila vita. Chukua fungu moja la mchicha mchanga, uoshe kabla hujaukata (ukikata ndo uoshe unamwaga nusu ya faida kwenye sinki), chambua majani utupe mabua yote, halafu yapange yakunje kama sigara ukate nyembamba kabisa kama unakata sukuma wiki. Karoti moja ikwaruze, kitunguu kimoja, kotmiri, chumvi, bizari ya manjano kidogo. Changanya na unga wa dengu kikombe kimoja na maji kidogo, rojo liwe zito la kushika mboga, likiwa jepesi zinanyonya mafuta. Teka kwa kijiko dondosha kwenye mafuta ya moto wa wastani mpaka ziwe kahawia. Zile pembe pembe za mchicha zinakauka zinakuwa zinavunjika mdomoni krap krap, hakuna uzi hakuna utelezi, ni mchicha mwingine kabisa. Mafuta mengi kila siku hapana, siku nyingine mimina rojo hilo hilo kwenye kikaango chenye kijiko kimoja cha mafuta ulitandaze kama kimanda, geuza, kata pembe tatu. Unga wa dengu ukikosa tumia mayai mawili na unga wa ngano kidogo. Hiyo hata kwenye kontena la shule inaenda, ikipoa haiharibiki ladha.

Halafu wali. Umesema anakula wali maharage, basi wali wako kaangia kitunguu na karoti zilizokwaruzwa kabla hujaweka maji, unatoka na rangi yake nzuri, na kwenye maharage pika boga au karoti mpaka viive kabisa uviponde na mwiko ndani ya rosti, mchuzi unakuwa mzito. Hapo nimeshakujibu na swali lako la kuficha. Kusaga ukachanganya sikatai, hasa kipindi hiki ambacho tumbo lake linahitaji msaada haraka, ila usifanye siri. Mtoto akija kugundua kuna kitu kimefichwa kwenye maharage anayoyapenda, ataanza kuyakagua na maharage yenyewe, umepoteza vyote. Na kwa mboga za kusagwa tu hajifunzi kula mboga, ataenda bweni huko hakuna wa kumsagia. Kwahiyo kwenye rosti iwepo, na kwenye sahani ile ya kijiko kimoja inayoonekana iwepo.

Mwezi ukiisha mchicha utarudi, na utarudi hivi: majani matupu, yamekatwa nyembamba. Kaanga kitunguu, weka nyanya mbili zichemke mpaka mafuta yajitenge, weka karanga za kusaga vijiko vitatu ulizokoroga kwa maji ya vuguvugu, acha zitokote kama dakika 10 kwa moto mdogo huku unakoroga zisishike chini, ndipo umimine mchicha, dakika 4 au 5 tu, epua ukiwa bado kijani. Usiuchemshe kwanza ukamwaga maji, utakuwa umemwaga vitamini ukabaki na makapi. Karanga zinafunika ule uchungu, na mafuta yake yanausaidia mwili kuchukua vitamini A iliyoko kwenye majani, nazi nayo kazi yake ni hiyo hiyo, kwahiyo bibi zetu waliotia nazi na karanga kwenye mboga hawakukosea hata kidogo. Kamulia limau wakati wa kula, linasaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma, na chai ya rangi isiwe karibu na chakula hicho mana yenyewe inazuia. Kisamvu usikipike haraka haraka kwa mtindo huu, kisamvu lazima kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu bila kufunikwa, kibichi kina sumu. Lakini uzuri wake kikishatwangwa hakina uzi, kipike cha nazi na karanga kiwe laini kabisa umjaribishe nacho siku yoyote.

Jambo ambalo mimi naliamini kuliko mapishi yote hayo ni kumuingiza Junior jikoni. Jumamosi nenda naye gengeni, mpe hela mkononi, mwambie achague yeye mboga moja ya nyumbani leo, yoyote. Akichagua hoho kwasababu ni jekundu sawa. Mkirudi akalie kigoda achambue, akwaruze karoti huku unamsimamia vidole, akoroge rojo la bhajia. Mtoto wa miaka 6 anaweza, na yule wa miaka 3 anaweza kuosha nyanya kwenye beseni, ataloa na jikoni kutachafuka lakini muache. Utaona kitu kimoja, ataonja akiwa amesimama pale kabla hata chakula hakijaiva, kajani kamoja, ka karoti, hakuna aliyemwambia. Wakati ule usishangilie wala usiseme "umeona sasa!", wewe endelea kukata vitunguu kama hujaona.

Na wakati wakisubiri ugali uive, saa ile ya njaa kali, weka sahani ya matango na karoti katikati ya meza kimya kimya. Wanakula kwa njaa tu. Ila karoti mbichi ngumu usimpe huyo wa miaka 3 akakate mwenyewe, inaweza kumkaba, yake ikwaruze au ichemshe kidogo.

Kuhusu mama mkwe, mwanangu usiende kumkataza biskuti, utaambiwa unamnyima wajukuu. Nenda na ombi. Mwambie "mama, daktari kasema tumbo la Junior linahitaji matunda na mboga, naomba unisaidie mana mimi sipo mchana, hakuna kama wewe". Umpe kazi ya heshima. Nunua papai, ndizi, maembe ya msimu, yawe tayari nyumbani, saa 10 yeye ndo awakatie, na umuulize yeye enzi zake aliwalishaje kina baba Junior mboga, muombe ampikie mjukuu mlenda au kunde za kwao. Wajukuu wanakula mkononi kwa bibi vitu ambavyo kwa mama wanakataa. Biskuti zikibaki Jumamosi na Jumapili hakuna ugomvi. Na juisi ya boksi ile ya saa 10 yenye sukari inamfikisha mtoto mezani hana njaa, hapo hata ukipika nini utaonekana hujui kupika.

Dada wa kazi usimsahau, yeye ndo mpishi wa mchana, hizo chapati na bhajia zipike naye mara moja mbili mpaka mkono wake ukae sawa.

Baba Junior ongea naye usiku, watoto wamelala, kwa upole, na umwambie habari ya chooni, mwanae anavyolia. Labda hajaisikia kama wewe unavyoisikia. Usimuombe apende mboga, muombe vitu viwili tu, lile neno la mbuzi lisisikike tena mezani na achukue matonge mawili ya mboga mbele yao. Mtoto wa kiume wa umri huo anamuangalia baba yake kuliko anavyokusikiliza wewe, matonge mawili ya baba yanatosha.

Mwisho hilo tumbo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2023 wanasema mtoto wa miaka 2 mpaka 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, na wa miaka 6 mpaka 9 angalau gramu 350, lakini ona, ni mboga na matunda kwa pamoja, kwahiyo kipande kizuri cha papai asubuhi na chungwa jioni (ale na nyama zake, asifyonze tu) tayari umeshafika mbali wakati mboga zinajifunza njia. Maji aende nayo shuleni kwenye chupa na ukague jioni kama yameisha. Awe na muda wa kukaa chooni kila siku baada ya chakula, dakika chache, miguu ikanyage kitu imara kama ni choo cha kukalia, bila kuharakishwa. Ila ukiona damu kwenye choo, au tumbo limevimba, au anatapika, au wiki mbili tatu zinapita hakuna nafuu, mrudishe hospitali usisubiri mboga.

Jumamosi hii anza na bhajia, chapati za boga ziwe Jumapili, saa ile ile na meza ile ile aliyotapikia. Na kabla hujapika, muite Junior pembeni umwambie samahani kwa Jumapili ile, mama hatakulisha kwa nguvu tena. Halafu baada ya mwezi niandikie uniambie pale gengeni alichagua nini.

Anti